Namna ya Kueleza Tozo ya Shule Bila Kuwakimbiza Wageni Sebuleni

Siku hiyo itafika tu. Unaishi Ohio, watoto wanapanda basi la njano kila asubuhi, na wazee wa jumuiya wamekwisha kubaini kwamba Kiingereza chako kinatosha kusoma barua za shule. Novemba inakaribia. Mbele ya nyumba za mtaani vimechomekwa vibao vya kura ya tozo ya shule, yaani kodi ya nyumba inayolipia shule; kimoja kinasema ndiyo, cha jirani yake kinasema hapana. Jioni simu italia: "Ndugu, hebu njoo utueleze hili jambo la shule, tumeletewa makaratasi na hatuelewi." Ukishajibu kwamba utakwenda, tayari umekuwa mtaalamu, na hakuna atakayekuuliza cheti.

Kompyuta iache nyumbani. Wilaya ya shule itakuwa imeandaa michoro ya rangi, kila mmoja na mshale wake unaopanda au unaoshuka, na michoro hiyo, ingawa imetengenezwa kwa nia njema, imewalaza usingizi watu wengi waliokwenda kuitazama. Chukua karatasi moja na kalamu nene. Kama mwenyeji wako ametoka Uvira au Bukavu huko Kongo, nenda na tumbo lenye nafasi, maana hutasikilizwa kabla hujala.

Anza na dola. Usianze na umuhimu wa elimu. Hao waliokaa mbele yako wamevuka mipaka na watoto mgongoni, wengine wamekaa kambini Nyarugusu au Kakuma miaka kumi na zaidi wakipigania madaftari; huna cha kuwafundisha kuhusu umuhimu wa elimu. Wanachotaka kujua ni kiasi gani kitatoka mfukoni mwao, na mtu anayezunguka swali hilo kwa dakika ishirini wanamwona kama mtu anayeficha kitu. Mara nyingi hawakosei.

Kwa hiyo andika juu ya karatasi thamani ya nyumba ya mwenyeji. Iandike ile iliyowekwa na mkaguzi wa kaunti, si ile anayoiota akitazama jinsi jirani alivyouza yake. Tuseme ni dola 200,000. Ohio haitozi kodi thamani yote. Inatoza 35% yake, yaani dola 70,000. Tozo za shule hupimwa kwa mili, na mili moja ni dola moja kwa kila dola 1,000 za hiyo thamani ya kutozwa. Basi mili moja kwa nyumba hii ni dola 70 kwa mwaka. Shule ikiomba mili 5, ni dola 350 kwa mwaka, kama dola 29 kwa mwezi. Iandike 29 kubwa, ionekane hadi jikoni, kisha nyamaza kidogo. Wape nafasi ya kuguna. Dola 29 ni fedha, na mtu anayefunga mizigo usiku kwenye ghala anajua ni saa ngapi za kusimama.

Tangu 2023 kazi hii imekuwa nyepesi, kwa sababu sheria inataka karatasi ya kura yenyewe itaje dola kwa kila dola 100,000 za thamani aliyoiweka mkaguzi. Mili 5 zitaandikwa kuwa dola 175. Mwenye nyumba ya 200,000 anazidisha mara mbili, amemaliza. Wakazi wa wilaya ya shule za jiji la Columbus walipoidhinisha mili 7.7 Novemba mwaka huo, hesabu yake ilikuwa takriban dola 270 kwa kila 100,000. Hiyo ni hesabu ambayo bibi anaweza kuifanya bila miwani.

Jambo moja usilithubutu: usiseme kwamba tozo ni bei ya kikombe cha kahawa kwa siku. Mfano huo utauona kwenye vipeperushi vya kila kampeni. Watu wetu wanachemsha chai nyumbani, na atakayesikia kwamba kuna kahawa ya bei hiyo ataacha kabisa kusikiliza habari za shule, aanze kuuliza nani huyo anayeinunua.

Utakapokuwa unakunja karatasi, mtu wa nyuma atasema kwamba nyumba ni yake lakini hajawahi kuiona bili ya kodi. Anasema kweli. Wengi wenye mkopo wa nyumba hulipa kodi hiyo ndani ya malipo ya kila mwezi, na benki ndiyo inayoipeleka kwa kaunti. Wengi wanaijua tu siku benki inapoandika kwamba malipo yamepanda, na hapo lawama huenda kwa benki. Mwambie atafute jina la mtaa wake kwenye tovuti ya mkaguzi wa kaunti. Atakuta kila senti inakwenda wapi, nyingi zikienda shuleni.

Baada ya hapo litakuja swali lenyewe. Linaweza kutoka kwa mzee aliyekaa kimya muda wote, na atalitoa kwa upole: "Mwanangu, mbona shule hizi zilikuja kuomba juzi, tukawapa, na leo wamerudi?" Chumba kizima kitakugeukia. Hapa ndipo waelezaji wengi hutokwa jasho, wakaanza kusema habari za gharama za maisha na changamoto mbalimbali. Usipite njia hiyo. Kuna jibu, jibu lenyewe ni zuri, na nalipenda kwa sababu linamtoa mwalimu mkuu kwenye tuhuma ya ulafi.

Mwaka 1976 Bunge la Ohio lilipitisha sheria ambayo mpaka leo watu huitaja kwa namba yake, 920. Miaka ile bei za nyumba zilikuwa zinapaa na bili za kodi zikipaa nazo, na wenye nyumba walikuwa wamekasirika. Bunge likasema: tozo iliyopigiwa kura isiongeze mapato kwa sababu tu nyumba zimepanda thamani. Thamani ikipanda, kiwango kinachotozwa kinashushwa, ili nyumba zilezile zitoe fedha zilezile. Tozo iliyokuwa inaleta dola milioni moja mwaka ilipopitishwa itaendelea kuleta kama milioni hiyohiyo miaka kumi baadaye, ukiacha kidogo kinachoongezwa na majengo mapya. Wakati huohuo dizeli ya basi imepanda, bima ya afya ya walimu imepanda, na mwalimu mwenyewe anataka nyongeza kwa sababu naye ananunua mkate dukani. Ni kama baba anayeacha mezani pesa ya matumizi ileile tangu siku ya harusi, watoto wamefika sita, kisha anashangaa kwa nini mama kila mara anarudi kuomba ya mafuta.

Wakishalielewa hilo, utawasikia wanacheka, hasa akina mama. Waache wacheke, kisha uwaambie na upande wa pili, maana jibu lisilo kamili litakurudia. Kinga ya sheria 920 ina sakafu. Kiwango cha tozo za uendeshaji wa shule kikishashuka mpaka mili 20, hakishuki tena. Kuanzia hapo thamani ya nyumba ikipanda, kodi nayo inaweza kupanda. Wilaya nyingi za Ohio zimefika kwenye sakafu hiyo. Nyumba zilipothaminiwa upya baada ya bei kuruka miaka ya hivi karibuni, wakazi wa wilaya hizo waliona bili zao zinapanda bila kupiga kura yoyote, na hasira yao ina msingi. Kabla hujaenda sebuleni, jua kama wilaya yenu iko kwenye sakafu au bado iko juu yake. Ukiwaambia watu wa wilaya iliyo sakafuni kwamba kodi yao haipandi na thamani ya nyumba, utakuwa umewadanganya, na wanazo bili za kukuonyesha.

Mwingine atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini shule itegemee bei za nyumba hata kidogo. Anatoka nchi ambako serikali kuu ndiyo inayoajiri mwalimu. Mtanzania atakumbusha kwamba ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na kwamba wazazi waliendelea kusikia habari za michango. Mkongomani atakumbuka *prime*, zile pesa ambazo mzazi alilipa ili mwalimu aishi, na mtoto wa asiyelipa akarudishwa nyumbani, hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Hapa mtoto hafukuzwi kwa sababu ya kodi ya mzazi wake. Hilo liseme mapema na uliseme mara mbili, kwa sababu kuna waliokuja na hofu hiyo na wanaona aibu kuuliza. Kilichopo ni kwamba gharama imegawanywa: sehemu inatoka jimboni, sehemu ndogo Washington, na sehemu kubwa inatoka kwa wenye nyumba wa hapo hapo. Sheria ya Ohio inaruhusu mili 10 tu bila kura, na hizo zinagawanwa na kaunti, mji na shule. Zaidi ya hapo lazima wananchi waulizwe. Ndiyo maana uko sebuleni na kalamu.

Na huo mpango umewahi kupelekwa mahakamani. Wilaya za shule zilizokuwa na hali mbaya, nyingi za vijijini kusini mashariki ambako makaa ya mawe yalikwisha na utajiri ukaondoka nayo, zilishtaki jimbo katika kesi iitwayo DeRolph. Hukumu ya 1997 ilieleza shule ambako vumbi la makaa lilitanda juu ya madawati usiku na watoto wakalikuta asubuhi. Majaji wanne dhidi ya watatu wa Mahakama Kuu ya Ohio walisema kwamba kutegemea mno kodi za nyumba ni kinyume cha katiba ya jimbo. Wakarudia kusema hivyo mwaka 2000, na tena 2002, kisha mwaka 2003 mahakama ikajitoa kwenye kesi bila mfumo kuvunjwa. Mwaka 2021 jimbo lilianza fomula mpya ya kugawa fedha, na imesaidia, lakini kibao cha tozo bado kinachomekwa mbele ya nyumba yako. Mimi nasema mahakama ilikuwa sahihi. Nasema pia kwamba mtoto aliye darasa la tatu mwaka huu hawezi kusubiri wabunge wa Columbus wamalize mabishano. Hayo mawili yanakaa pamoja kichwani bila kugombana, na unaweza kuyasema yote mawili kwa wasikilizaji wako.

Jihadhari na vitisho. Kampeni zinapokwama hupata hamu ya kutangaza kiama: mpira utafutwa, muziki utafutwa, mabasi yataegeshwa. Nyakati nyingine ni kweli. Mwaka 2009 wapiga kura wa South-Western City Schools, wilaya kubwa kusini magharibi mwa Columbus, walikataa tozo. Vuli ile shule zikafunguliwa bila timu, bila bendi, bila vilabu. Novemba wakapiga kura tena, tozo ikapita. Na mwishoni mwa 1968, baada ya tozo kuanguka mara kwa mara, mji wa Youngstown ulifunga shule zake kwa wiki kadhaa. Hayo ni ya kweli na unaweza kuyasimulia. Ila usiwaambie watu jambo ambalo bodi ya shule ya kwenu haijaliamua. Nenda kwenye mkutano wa bodi, uko wazi kwa kila mtu, uchukue orodha yao ya kitakachopunguzwa, uisome ilivyo. Orodha yenyewe inatosha kutia uchungu: kwa kawaida utakuta walimu wasaidizi, mshauri wa wanafunzi, na basi la wanafunzi wa sekondari. Sheria ya jimbo inailazimu wilaya kuwasafirisha watoto hadi darasa la nane wanaokaa zaidi ya maili mbili. Wa sekondari si lazima. Mueleze hivyo mama anayeingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na binti yake yuko darasa la kumi. Hutahitaji kuongeza chumvi.

Iulize bodi pia kuhusu wale watu wa shuleni wanaozungumza na watoto wetu. Tangu hukumu ya mahakama katika kesi ya Lau ya mwaka 1974, shule za umma Marekani zinapaswa kumsaidia mtoto asiyejua Kiingereza ili afuate masomo. Tozo ikianguka, wajibu huo haufutiki. Kinachoweza kupungua ni idadi ya watu wanaoutekeleza. Mwalimu mmoja wa lugha akizunguka shule tatu badala ya moja, mtoto aliyefika Januari kutoka kambini anamwona mara chache, anakaa nyuma ya darasa, anatabasamu kila anapoulizwa. Sisi tunawajua watoto hao. Hilo ndilo linalonifanya mimi niende kwenye sebule za watu Novemba hadi Novemba.

Maswali mengine yatakuja kwa kasi, yajibu kwa kasi hiyohiyo. Bahati nasibu ya Ohio hailipi shule? Inalipa: imekuwepo tangu 1974, na tangu 1987 katiba inaelekeza faida yake kwenye elimu, lakini ni sehemu ndogo tu ya gharama zote. Mimi ni mpangaji, inanihusu? Unapiga kura kama mwenye nyumba, na usidhani hulipi. Kodi ya nyumba huja ndani ya kodi ya pango. Kuongeza muda wa tozo ni tozo mpya? Hapana, ni ile unayolipa tayari, inaendelea, na kwa kawaida bili haipandi kwa sababu yake. Hati fungani je? Hizo ni za kujenga na kukarabati majengo. Fedha za kujengea ukuta hazimlipi mwalimu, kwa hiyo usishangae kuona jengo jipya na ombi la tozo katika mwaka mmoja.

Kwa mzee aliyestaafu, nenda polepole zaidi. Mjane wa miaka sabini anayeishi kwa pensheni ya serikali hapaswi kubembelezwa kwa habari za mustakabali wa taifa. Muulize kama amejiandikisha kwa nafuu ya kodi ya makazi, ambayo Ohio huwapa wenye miaka 65 na zaidi, na wenye ulemavu, ikiwa kipato chao hakizidi kiwango kilichowekwa. Wengi wa watu wetu wanaostahili hawajaomba kwa sababu hakuna aliyewaambia. Fomu iko kwa mkaguzi wa kaunti. Mjazie hapohapo, hata kama amekwisha kukuambia atapiga kura ya hapana.

Mahali pengine lazima uache utani kabisa. Asiye raia wa Marekani hapigi kura hii. Haijalishi ana grin kadi, analipa kodi, ana watoto wanne katika shule hiyo. Asijiandikishe hata kama mtu mwenye fomu na tabasamu amemsimamisha nje ya duka akamwambia haina shida. Kosa hilo linaweza kumtoa nchini. Lisimamie hilo hata ukionekana mkali. Mwenye grin kadi anaweza kwenda kwenye mkutano wa bodi, akasema mbele ya kipaza sauti mtoto wake anahitaji nini, na maneno ya mzazi huko yana uzito.

Raia wapya wanahitaji kusindikizwa. Wajiandikishe angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa moja na nusu jioni, na kitambulisho chenye picha ni lazima. Aliyepata leseni kabla ya kuapa uraia aibadilishe mapema, au aende na pasipoti ya Marekani. Maneno ya tozo kwenye karatasi ya kura ni sentensi moja ndefu ambayo msomaji huianza akiwa kijana, na karibu kote Ohio iko kwa Kiingereza peke yake. Sheria ya shirikisho inamruhusu asiyeweza kuisoma kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, awe mtoto wake, jirani au wewe, isipokuwa mwajiri wake au mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Ukiingia na mtu namna hiyo, msomee kilichoandikwa, tia alama aliyosema, toka. Ulishapata sebuleni muda wa kumshawishi.

Na huko sebuleni ndiko unakoweza kusema waziwazi unapiga kura gani. Mwalimu mkuu haruhusiwi kutumia fedha wala saa za kazi za shule kukuomba kura ya ndiyo. Anaweza kukupa takwimu tu. Wewe huna kifungo hicho. Mimi huwaambia kwamba nitapiga ndiyo, na huwaambia kwa nini, na wapo ambao huondoka wakiwa bado ni wa hapana. Wengine wana sababu nzuri. Mtu aliyekuambia hapana uso kwa uso, baada ya kuelewa kila namba, mpe heshima yake na umsindikize hadi kwenye gari.

Tozo ikipita Novemba, kwa kawaida huanza kuonekana kwenye bili ya kodi ya mwanzo wa mwaka unaofuata. Hapo waelezaji wengi wanakuwa wamezima simu. Wewe washa yako. Mtu atakupigia Februari akisema bili imepanda. Nenda na ile karatasi ya kalamu nene, kaa naye, mtafute pamoja mstari wenye jina la wilaya ya shule, na mlinganishe namba iliyoko hapo na ile uliyomwandikia.